Gede na wale wa nyumba za udongo

Tulikuwa tumesimama karibu na Msikiti Mkuu wa Gede, kwenye magofu ya mji wa kale wa Waswahili karibu na Malindi, kundi dogo la watu tusiojuana, nyuma yetu watoto wa shule tele wenye sare za kijani, kima washaanza kutuchungulia mifuko, na mwongoza wageni anaeleza vizuri tu habari za bakuli za China na shanga za Venice. Msichana mmoja akanyoosha mkono kama yuko darasani.

"Na wale walokuwa hawana pesa walikuwa wakikaa wapi?"

Mwongozaji hata hakufikiria. Akaelekeza kidole msituni, kwenye miti na mizizi na majani makavu, hakuna ukuta hata mmoja, akasema: "Hapo."

Halafu tukaenda kuangalia kasri.

Sasa mimi lile "hapo" limenikaa kichwani wiki hizi zote. Nikiosha vyombo nalifikiria, nikiwa kwenye matatu nalifikiria. Jibu lilikuwa sahihi, hilo nimekuja kulihakikisha, ila lilitoka haraka mno, kama mtu anayekuonyesha choo kilipo.

Nyumba zenye majina

Sitawaeleza zaidi Gede ni nini, manake mtu wa Pwani ambaye hajapelekwa Gede na shule yake basi shule yake ilimdhulumu, na tangu UNESCO waiweke kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2024 hata watu wa bara wanaijua. Nataka kusema habari ya majina tu.

Mwanaakiolojia James Kirkman alichimba pale kuanzia 1948 mpaka 1958, na nyumba nyingi alizozifukua akazipa majina kufuatana na alichokiokota ndani au alichokiona ukutani. Ndo maana kuna Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Sanduku la Pembe, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Ushanga wa Venice, Nyumba ya Sarafu za Kichina, na ile ninayoipenda mimi, Nyumba ya Jahazi, ambayo mtu aliyekuwa amekaa bure siku moja alikwaruza picha ya chombo kwenye chokaa ya ukuta, labda mtoto, labda nahodha aliyestaafu, nani ajuaye.

Majina mazuri. Ila ukiyasoma yote kwa pamoja unaona kitu. Vitu vingi vilivyozipa nyumba majina ni vya kupendeza, na vingi vilivuka bahari. Na ukisoma ripoti za wachimbaji, sehemu kubwa kabisa ya kilichotoka ardhini pale Gede ni vigae vya vyungu vya hapahapa, vyungu vya kupikia na mitungi ya maji, udongo uliofinyangwa na mikono ya watu wa hapa na kuchomwa hapa. Vigae hivyo ni vingi hata havihesabiki kwa kipande, na bado mimi sijaiona nyumba iliyoitwa Nyumba ya Chungu.

Simlaumu Kirkman, msinielewe vibaya. Alikuwa na msitu mzima mbele yake na vibarua na majembe, na ukuta wa mawe unajionyesha wenyewe, unaufuata tu mpaka kona, kwenye kona unakata, mwisho una chumba. Ukuta wa udongo ulioanguka karne nne zilizopita utaufuata vipi? Ni udongo ndani ya udongo.

Hesabu haiingii

Ukuta wa nje wa Gede unazunguka ekari 45 hivi. Kasri, Msikiti Mkuu, makaburi ya mnara, lile kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, na zile nyumba zenye majina, karibu vyote vimebanana ndani ya ukuta wa ndani. Halafu hesabu inayotajwa sana ya wakazi mji ulipokuwa umeshamiri, karne ya 15, ni watu kama 2,500.

Haya. Chukua nyumba za mawe zilizofukuliwa, jaza kila chumba watu, weka mabibi na wajukuu na wageni kutoka Malindi, laza wengine barazani. Hawafiki. Hata ukiwabana vipi hawafiki.

Waliobaki walikuwa kwenye lile "hapo". Mwanaakiolojia Mfaransa Stéphane Pradines alirudi kuchimba Gede kuanzia 1999, na yeye pamoja na wenzake wa Makumbusho ya Taifa waliangalia pia sehemu ambazo hazina mawe, wakakuta nyumba za udongo na miti. Kwa hivyo si siri, wataalamu wanajua kitambo. Ni sisi wageni tunaopita katikati ya mtaa wa watu tukidhani tunapita msituni kuelekea kwenye mji wenyewe.

Tena mtaa wa watu wanaofanya kazi! Nani alikuwa akikata matumbawe, nani akichoma chokaa, nani akibeba boriti za mikoko kutoka hori la Mida mpaka juu pale? Kasri halikujijenga.

Nyumba ya bibi

Hapa sasa ndo ikaanza kuwa habari yangu, na sikupanga iwe.

Nyumba ya bibi mzaa mama ilikuwa ya kukandika, ndani ndani huko Kilifi, fito na udongo na makuti. Bibi alipofariki ilibaki na mjomba, mjomba akapata kazi Mtwapa akawa anakuja wikendi, kisha mwisho wa mwezi, kisha sikukuu. Makuti yakaoza upande mmoja, mvua ikaingia, ukuta ukalowa kwa juu, na nyumba ya udongo ikishalowa kwa juu hata usisumbuke. Mchwa wakamalizia nguzo. Leo ukienda utaona kilima kidogo chenye nyasi za rangi tofauti kidogo na nyasi nyingine, na mkorosho. Mtu asiyejua anakanyaga palepale alipokuwa akilala bibi yangu na hawezi kujua.

Na sisemi karne nne. Nasema mimi mwenyewe nimekula wali ndani ya nyumba ile.

Basi nikampigia mama nikamuuliza, mama, kwani pale kwa bibi mlihama lini hasa? Nilitaka mwaka tu, nilikuwa naandika haya. Akanyamaza kidogo halafu akanijibu kama nimemtukana.

"Sisi hatujahama. Nani kakwambia tumehama? Si tunaenda kila Idi?"

Nikakosa la kusema.

Kila mtu anataka siku moja

Maana swali ambalo wote tunaliuliza tukifika Gede ni hilohilo, mbona walihama? Na majibu yapo, chagua unalolipenda. Wazimba, wapiganaji waliotoka kusini, walipita Pwani mwaka 1589 wakiacha maafa nyuma yao. Waoromo walikuwa wakishuka kutoka kaskazini na kuusukuma kila mji wa bara ya Malindi. Mwaka 1593 Wareno walihamia Mombasa wakaanza kujenga Fort Jesus, na Sheikh wa Malindi akahamia Mombasa nao, na biashara ikafuata. Halafu kuna maji: Kirkman aliona dalili kwamba kisima kilichimbwa zaidi kwenda chini, yaani maji yalikuwa yanakimbia, na mji ulio mbali na mto bila maji ya kisima ni bure.

Mimi nilikuwa timu ya maji. Nilishabishana na mtu mtandaoni kuhusu maji ya Gede mpaka saa sita za usiku, sijui tulikuwa tunatafuta nini.

Ila baada ya jibu la mama nikaanza kuziangalia dalili zenyewe tena na nikaona hazisemi "siku". Ukuta wa ndani ni wa baadaye kuliko ule wa nje, wa karne ya 16, yaani kuna wakati waliobaki walijikusanya wakazungushia ukuta eneo dogo kuliko lile la babu zao. Fikiria kikao cha siku hiyo. Fikiria unayeishi nje ya mstari mpya. Kirkman aliona pia dalili za mji kupungukiwa watu kisha kukaliwa tena, halafu mwanzoni mwa karne ya 17 ukabaki kweli mtupu. Vizazi na vizazi hivyo. Mtu angeweza kuzaliwa Gede, akazeeka Gede, akafa Gede, maisha yake yote mji uko katikati ya kuhamwa, na ukimuuliza angekujibu kama mama yangu.

Na kama ni hivyo, wa kwanza kuondoka walikuwa nani? Mwenye kasri ana kasri, hawezi kulibeba. Mwenye nyumba ya udongo akiona kisima kimekauka anaondoka na vyungu vyake na mbuzi wake na mlango, maana mlango ndo ghali, na kule anakoenda anakata fito nyingine. Hili ni wazo langu, sijalisoma mahali. Ila naliamini.

Kuna jambo jingine linalonichekesha. Wareno walikaa Malindi karibu karne nzima, kilomita 16 hivi kutoka Gede, watu waliokuwa wakiandika kila kitu mpaka bei ya pilipili, na hawana mstari hata mmoja unaoitaja Gede kwa jina hilo. Mzungu wa kwanza anayejulikana kufika kwenye magofu ni Sir John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, mwaka 1884, na hapo msitu ulikuwa ushachukua chake. Kwa hiyo hata wenye kasri hawakuandikwa. Nikafarijika kidogo kwa niaba ya watu wa udongo, ni ubaya wangu tu.

Kijiji cha Waingereza

Nikawa najiuliza, kwani hakuna mahali wachimbaji walianza na wanyonge? Rafiki yangu anayeishi Leeds akaniambia kuna kijiji kule kwao Yorkshire kinaitwa Wharram Percy, nenda kakisome. Nikakisoma usiku kucha.

Kilichosimama ni kanisa bovu tu, la St Martin, halina paa. Kijiji chenyewe ni matuta ya majani na kondoo. Mwanahistoria Maurice Beresford alifika pale 1948, mwaka uleule Kirkman anaanza Gede, wakaanza kuchimba 1950, baadaye akaungana na mwanaakiolojia John Hurst, na wakaendelea kila kiangazi mpaka 1990. Miaka 40! Kwenye nyumba za wakulima! Hawakuchimba kufuata kuta, manake kuta za wakulima zilikuwa hafifu, wakawa wanafungua eneo zima na kuondoa udongo tabaka kwa tabaka mpaka sakafu ijitokeze yenyewe, wakakuta nyumba juu ya nyumba, zimejengwa na kujengwa tena palepale.

Nilisoma nikawa na wivu, kusema kweli. Sawa, wao wana vyuo vikuu kila kona na vijana wanaojitolea kulala kwenye mahema. Lakini wivu ni wivu.

Na kule nako watu walitaka siku moja. Inasemwa sana vijiji vya Uingereza vilivyohamwa viliuliwa na ile tauni kubwa ya 1348 na 1349, na vipo vijiji vya hivyo kama 3,000 nchini mwao. Wharram Percy tauni iliipiga, ila watu waliendelea kulima pale karne nzima na zaidi. Waliokimalizia kijiji ni kondoo. Mwenye ardhi aliona sufu inalipa kuliko wakulima, na kufikia kama 1500 familia za mwisho zilitolewa na nyumba zao zikabomolewa. Sasa hadithi hiyo mwambie mtu wa Kilifi au Kwale ambaye amezaliwa kwenye shamba lenye hati ya mtu mwingine, uone kama atashangaa.

Halafu kuna mifupa. Mwaka 2017 watafiti walitoa matokeo ya mifupa 137 ya pale kijijini, ya watu wasiopungua 10, iliyokatwakatwa na kuchomwa moto baada ya watu hao kufa. Maelezo waliyoyaona yana uzito zaidi ni kwamba wanakijiji waliogopa wafu wasije wakainuka na kuwatembelea.

Nililipenda hilo kuliko ninavyopaswa, maana nimekua nikiambiwa Gede kuna wenyewe. Usiingie jioni, usibebe jiwe, usicheke ovyo. Nilipofika chuo nikaona haya, nikawa nasema ni ushamba. Sasa sina uhakika tena. Majirani wa Gede kwa karne kadhaa waliogopa kung'oa mawe ya watu, na mawe yapo. Nenda mahame mengine ya Pwani ambayo hayakuwa na mizimu mikali, uone mawe ya msikiti wa kale yalivyoingia kwenye msingi wa nyumba ya jana.

Pemba ndo ilinimaliza

Nilidhani nimemaliza, nikaangukia Pemba.

Kaskazini ya Pemba, wanaakiolojia Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walifanya kazi ya kuchosha kweli: badala ya kwenda kwenye magofu, walipita mashambani wakichimba vishimo vidogo vidogo kwa mpangilio, kishimo, hatua, kishimo, wakiangalia kama kuna vigae. Hivyo ndo unavyotafuta watu wasioacha kuta. Na walivipata vijiji. Vingi. Kimojawapo ni Tumbe, kikubwa, cha nyumba za udongo, kilichokuwa kimechangamka kabla ya mwaka 1000, na watu wake walikuwa mafundi wa shanga, wameacha vigae vingi ajabu vyenye mifereji ya kusugulia shanga za magamba.

Halafu Tumbe ikaachwa. Na kuanzia karne ya 11 hivi jirani yake, Chwaka, ikakua ikawa mji, wenye misikiti ya mawe, na vijiji vya mashambani vikawa vinapungua. Kwa maelezo ya Fleisher watu hawakufukuzwa na adui yeyote. Walienda mjini.

Walienda mjini tu. Kama mjomba.

Nilivyokuwa naisoma miji ya mawe ya Pwani miaka yote ni kama kitu kilichoshuka na jahazi, na hata ukimtoa Mwarabu na Mshirazi kwenye hadithi bado unabaki na mfanyabiashara tajiri amesimama barazani na kanzu. Kumbe sehemu ya mji ni mahame ya vijiji. Kila nyumba ya Chwaka ina kilima cha nyasi mahali fulani mashambani, na mkorosho, hapana, mikorosho ilikuwa bado haijaletwa na Wareno, weka mti mwingine.

Na kusini huko, Songo Mnara karibu na Kilwa, mji uliojengwa mwishoni mwa karne ya 14 na kuhamwa mwanzoni mwa ile ya 16, kuna uwanja mkubwa katikati ya nyumba za mawe, kila mtu akiuona akasema uwanja. Fleisher na mwanaakiolojia mwenzake Stephanie Wynne-Jones kuanzia 2009 walipitisha vifaa vya kupima ardhi juu yake kisha wakachimba, wakakuta humo nyumba za udongo. Mjini kabisa, si pembeni, si nyuma ya ukuta. Na kwenye makaburi wakakuta watu walikuwa wakiweka vijiwe vyeupe na sarafu. Kijiwe hakina bei, mtu yeyote anaweza kukiokota akaenda kumwekea mtu wake.

Ya mawe au ya nini

Kwenye grupu ya familia mjomba ametuma picha ya ploti ya bibi ikiwa imefyekwa. Anataka tuchange tujenge, na anataka ya mawe, mawe ya kukata, msingi mzito. "Hii haitaanguka tena," ameandika, na ile mikono ya dua.

Sijachanga bado. Si ubahili, au si ubahili tu. Ninachojiuliza ni kwamba fundi atakuja na kuchimba msingi palepale, na udongo wa ukuta wa bibi, na majivu ya mafiga yake, na vigae vya ule mtungi tuliovunja tukiwa watoto tukamsingizia paka, vyote vitatolewa na kumwagwa barabarani kuziba mashimo. Nyumba ya mawe itakuwa ya mjomba na itakuwa na jina lake. Kwa upande mwingine mama ana miaka yake sasa na Idi akienda anataka mahali pa kulala, na yeye hajahama, sasa alale wapi?

Nikapendekeza kitu cha katikati, kabla fundi hajaja tuchore. Kila mtu achore kwenye karatasi nyumba ilivyokuwa, mlango, jiko, alipolala nani, kisima, choo, apige picha atume. Nilidhani watanicheka. Sa hii ni siku ya pili grupu inawaka moto, mamkubwa ametuma mchoro wenye vyumba vinne, mama anasema vilikuwa vitatu na hicho cha nne ni banda la mbuzi, mjomba anaapa choo kilikuwa upande wa mkorosho, na mama amemjibu kwa sauti, dakika nzima, kwamba choo kile kilichimbwa yeye mjomba hajazaliwa, na kule kwenye mkorosho palikuwa na kibanda cha mtu mwingine kabisa, mzee fulani aliyekuja na bibi kutoka kijiji cha kwanza.

Kijiji gani cha kwanza? nimeuliza. Mama anaandika, naona hapo juu, bado anaandika.